Mwaka Niliokuza Mshale

Mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja hapa Lushoto mjini, palipigwa makofi kwa jambo ambalo halikutokea. Tulikuwa tumekusanyika kumuaga Mwalimu Kibwana, aliyetufundisha kompyuta tukiwa vijana, ambaye sasa anafungasha vitu vyake kurudi kwao Tanga. Mshereheshaji alikuwa Elibariki, tuliyesoma naye darasa moja. Siku hizi ni ofisa, ana kitambi na koti la kukifunika. Akashika kipaza sauti, akaninyooshea kidole nilipoketi. "Ndugu zangu, mnamwona dada Sikudhani? Huyu alikuwa haoni hata mshale wa kompyuta. Mwalimu wetu kwa huruma yake akamkuzia mshale, akamshika mkono mpaka akajua, na leo ana duka lake la kuchapa na kutoa kopi pale karibu na soko. Makofi kwa mwalimu!" Ukumbi ukaitika. Mwalimu akatabasamu akitazama sahani yake, hakukubali wala hakukataa, na mimi pilau ikanikwama kooni. Uongo huo nimeusikia ukinong'onwa kwa miaka, ila ulikuwa haujapata kipaza sauti. Sasa umekipata, kwa hiyo na mimi nasema yangu, tena kwa maandishi, maana mtu akikusimulia huruma ambayo hukuonewa anakunyang'anya kitu chako.

Kitu chenyewe ni mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja mjini kutoka upande wa Vuga kusoma uhazili na kompyuta kwenye chuo cha ufundi, nikapanga chumba cha uani kwa Mama Eliza, mjane wa Kilutheri aliyekuwa akipikia watu chakula cha jioni. Chumba kilikuwa na dirisha la mbao lisilo na kioo, na ukilifungua asubuhi ukungu unaingia ndani kama mwenye nyumba. Nililala humo na Zubeda, msichana wa Magoma, kule chini kwenye joto, ambaye alivaa soksi na sweta mpaka kitandani na bado akatetemeka. "Nyie watu wa milimani mna damu ya chura," alikuwa akiniambia. Nami namjibu kwamba wao wa bondeni wameivishwa na jua, hawana tena utamu. Tulikula viazi na maharage, na siku nyingine bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mshunga, mboga chungu ya kwetu, ambao Zubeda aliumeza kwa kufumba macho. Ukuta mmoja wa chumba chetu ndio uliokuwa ukuta wa jiko, na ulikuwa mwembamba, haukujua kutunza siri. Kila aliyekula pale tulimsikia anasema nini, na Mwalimu Kibwana, ambaye hakuwa na mke bado, alikula pale kila jioni.

Nieleze macho yangu mara moja ili nisiyarudie. Yanacheza. Hayatulii mahali pamoja hata nikiyaamuru, na vitu vidogo vinavyotembea vinanipotea. Kwetu wapo wanaosema ni surua ya utotoni, wapo wanaosema nilizaliwa nayo hivyo, na mimi nimeacha kusikiliza pande zote mbili. Miwani ilinisaidia kuona kilima, haikunisaidia kuona sindano. Lakini herufi za kompyuta niliziona nikisogea karibu, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi, kwa hiyo nilijua hii ndiyo kazi ninayoitaka. Sikuwa nikibahatisha. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mahali pa heshima kupita kiasi. Mashine zilikuwa za msaada, nzee kidogo, na kila moja ilivikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kama vile vinavyofunika redio za wazee. Mlangoni palikuwa na kibao: VUA VIATU. ZUIA VIRUSI. Tulikiamini kibao kile kwa moyo wote. Mwalimu alikuwa ameambiwa kwenye semina kwamba vumbi linaharibu kompyuta, na ameambiwa pia kwamba virusi vinaharibu kompyuta, na mahali fulani kati ya Tanga na Lushoto, njiani kwenye kona zile, mambo hayo mawili yaligeuka kuwa jambo moja. Basi tuliacha viatu nje, na wakati wa masika, udongo wetu mwekundu ukipanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, tuliacha viatu na bado tukanawa miguu bombani. Wa kutoka vijijini tulitazamwa miguu kabla ya kutazamwa uso.

Ndani, tulikaa watatu kwa kila kompyuta. Aliyeshika kipanya aliitwa dereva, na wengine wawili abiria. Dereva aliendesha, abiria walitazama na kusema "kata kulia," "rudi," "bofya hapo." Tulitakiwa kupokezana, lakini mtu mmoja asipoweza, abiria wenzake hawana subira. Kwenye mashine yetu, ile ya dirishani, dereva alikuwa Zubeda, abiria mmoja alikuwa Elibariki, na mwingine nilikuwa mimi, daima mimi. Nikipewa kipanya nilikisukuma huku na huko nikiutafuta mshale, kakitu kembamba keupe kwenye ukurasa mweupe, ambako pia kakifika juu ya maandishi kanageuka kijiti kama unywele. "Mshale uko wapi?" nauliza. "Uko hapo!" "Hapo wapi?" "Hapo hapo, dada, mbele ya pua yako!" anasema Elibariki, na darasa linacheka, na mkono wake unakuja kukichukua kipanya kutoka mkononi mwangu bila kuomba. Joto la kipanya lililobaki kwenye kiganja changu nalikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo Elibariki akisema leo kwamba nilishikwa mkono, anajua vizuri mkono ulikuja kufanya nini.

Jioni moja mvua ilikuwa inapiga bati, mimi na Zubeda tumejifunika blanketi, nikasikia jina langu jikoni. "Yule Sikudhani ni binti mzuri, ana adabu," Mwalimu alikuwa akisema, na sauti yake ilitoka ikiwa imejaa kiazi. "Lakini kompyuta si kazi ya macho yale. Nimeamua. Mvua zikiisha nawapa mtihani wa kuendesha, kila mtu peke yake. Akishindwa, namhamishia ushonaji." Nikasikia mwiko wa Mama Eliza ukiwekwa chini. "Mwalimu, hebu niambie," akasema, "hilo tundu la sindano ya cherehani ni kubwa kuliko hiyo kompyuta?" Mwalimu akasema ushonaji ni kazi ya mazoea, mtu anaweza kwa kupapasa. Mama Eliza akamwongezea maharage, jambo ambalo kwake lilimaanisha kwamba mazungumzo yamekwisha na mgeni ndiye mjinga. Zubeda alinishika bega gizani. "Siku, usilie." Nikamwambia silii, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga.

Mshale mkubwa aliugundua Zubeda kwa utundu wake. Ijumaa moja Mwalimu alitoka kwenda kuswali, akatuachia zoezi la kuchapa, na Zubeda, ambaye hakuweza kuona mlango asiufungue, akaanza kufungua kila dirisha la mipangilio ambalo tulikuwa tumekatazwa kugusa. Akafika kwenye picha ya kipanya, akafika kwenye orodha ya mishale, akachagua ule mweusi mkubwa kuliko yote. Mshale ukatokea. Sijui niseme nini kuhusu dakika ile ila kwamba niliuona. Ulikuwa mweusi, mnene, unatembea, na mimi naufuata. Zubeda akanisukumia kipanya. Niliuzungusha ukurasa mzima, juu, chini, pembeni, nikaufungua waraka na kuufunga na kuufungua tena, na Elibariki akabaki na mkono wake hewani hana cha kunyang'anya. Nilicheka kwa sauti katika chumba kile cha heshima. Kengele ilipolia tukafunika kitambaa na kuondoka, na mshale tukauacha ulivyo.

Jumatatu tulikuta mlango umefungwa na Mwalimu amesimama nje, amekunja suruali. Alikuwa amewasha mashine ya dirishani akakuta mshale umevimba. Neno lake lilikuwa hilo, umevimba, kama jino. Virusi vimeingia, akasema, na vimeingia kwa miguu ya mtu. Akatupanga bombani, darasa zima, tukanawa miguu kwa sabuni ya kufulia katika baridi ile, huku akikagua nyayo na kucha. Alipofika kwangu alisimama. Nilikuwa nimetembea njia ya mkato kwenye matope, na miguu yangu ilikuwa bado myekundu mpaka magotini. "Ni wewe," akasema. "Ndiyo mwalimu, ni mimi," nikamjibu, "lakini si miguu. Mshale nimeuacha mkubwa ili niuone. Kuna mahali pa kuukuza humo humo kwenye kompyuta." Nilidhani atafurahi. Nilidhani mwalimu akiambiwa mwanafunzi wake sasa anaona, atasema alhamdulillahi. Badala yake alikunja uso, kwa sababu alikuwa ameshatunawisha wote. "Kompyuta inaachwa kama ilivyokutwa," akasema. "Ukikaa kwenye gari la watu unabadilisha usukani? Haya, ingia uurudishe." Zubeda aliurudisha, maana mimi nilipoanza tu kuurudisha ukawa mdogo na ukanipotea kabla sijabofya kukubali.

Nataka kumtendea haki. Mashine zile alikuwa amekabidhiwa kwa sahihi yake, na zikiharibika ni yeye angeulizwa. Aliogopa. Lakini mtu akiogopa kitu chake kisha akanifungia mlango wangu, woga wake haunipunguzii baridi ya nje. Kuanzia siku ile mshale ulikaguliwa kila asubuhi. Na tatizo langu lilikuwa la kuchekesha kama si langu: ili kuukuza mshale unatakiwa kwanza uushike ukiwa mdogo. Zubeda alikuwa tayari kunikuzia kila siku kwa siri, lakini siku ya mtihani nisingekuwa na Zubeda. Nilihitaji njia isiyopita kwenye kipanya.

Njia hiyo, na hili nampa, nilionyeshwa na Mwalimu mwenyewe bila yeye kujua. Vipanya vya siku zile vilikuwa na kigololi tumboni, na kigololi kikishika uchafu mshale unakwama. Siku moja kipanya chake kilikwama akiwa mbele yetu, na kwa aibu akafanya kila kitu kwa vitufe tu, haraka, akafungua, akafunga, akazima. Wenzangu walikuwa wakitazama skrini. Mimi niliyezoea kutoiona skrini nilikuwa nikitazama vidole. Kumbe kila mlango una kitufe chake! Tukaanza kutafuta, mimi na Zubeda, kila Ijumaa wakati wa swala. Kitufe cha dirisha. Herufi S. Herufi C. Kisha M mara mbili, kwa sababu M ya kwanza inakupeleka kwenye modemu na ya pili kwenye kipanya, na sisi modemu hatukuwa nayo wala hatukujua ni mnyama gani. Halafu kuhama ukurasa, halafu kushuka kwenye orodha, halafu kukubali. Nilichora kibodi kwenye kipande cha katoni nikaiweka juu ya meza ya Mama Eliza, katikati ya maganda ya viazi, nikafanya mazoezi huku natamka kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Mama Eliza hakujua kompyuta ni nini, lakini aliijua ile safari mpaka akaanza kunisahihisha. "Mwanangu, umeruka M moja. Rudia." Mwalimu akija kula, katoni inaingia chini ya sufuria, na yeye anakula juu yake.

Mtihani ulikuja baridi ya mwezi wa sita ikiwa imekaa, ule ukungu unaokaa mpaka mchana. Viatu nje, miguu imeoshwa. Tuliitwa mmoja mmoja kukaa kwenye mashine ya mbele, wengine tukitazama kutoka kwenye benchi. Kazi ilikuwa kufungua waraka, kuchapa barua, kuihifadhi na kuipeleka kwenye printa. Zubeda alipita. Elibariki alipita akijifuta jasho kwenye baridi. Nikaitwa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Kaa, uanze." Nilikaa, nikakisukuma kipanya pembeni kabisa, nikaweka vidole. Dirisha, S, C, M, M. Vidole vilikimbia kama vilivyokimbia kwenye katoni, na kabla hajajua nafanya nini mshale mweusi ukachomoza katikati ya skrini, mkubwa, mnene, hata wa benchi la nyuma waliuona. Mtu akaguna. Mwalimu akainama. "Urudishe."

"Siurudishi, mwalimu."

Lazima uwe umelelewa huku kwetu kujua neno lile lilikuwa zito kiasi gani, tena shikamoo yangu ikiwa bado iko hewani. "Sikudhani," akasema polepole, "kompyuta hii si mali yako." Nikasema, "Ndiyo mwalimu, si yangu. Macho ndiyo yangu." Akanitazama, akazunguka nyuma ya mashine, akachomoa waya ukutani. Skrini ikafa. "Basi tumemaliza," akasema. Nikainuka, nikazunguka, nikauchomeka waya tena, nikarudi kukaa na kuwasha. Sasa kompyuta za siku zile ukizizima ghafla zilikuwa na tabia ya kulaumu. Skrini ikageuka buluu, ikaandika kwamba haikuzimwa inavyopaswa, ikaanza kujikagua taratibu, na sisi sote, yeye amesimama, mimi nimekaa, tukaisubiri. Ikamaliza. Ikafunguka. Na mshale ukarudi ule ule, mweusi, mkubwa, kwa sababu ukishaukubali kompyuta inaukumbuka. Zubeda alipiga ukelele. Darasa likalipuka, na katikati ya kelele zile nikakishika kipanya kwa mkono wangu mwenyewe, nikafungua waraka, nikachapa barua, nikaihifadhi, na printa ikaanza kulia.

Mwalimu alinipitisha, kwa alama za mwisho kabisa. Kesho yake alitaka tangazo jipya la mlangoni, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, akaniagiza nilichape. MARUFUKU KUBADILISHA MSHALE. Nililichapa kwa herufi kubwa na kulipanga katikati vizuri sana, nikiwa nimeukuza mshale, naye akiwa amesimama nyuma yangu akiniona. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yetu kwa miezi iliyobaki: tangazo lake mlangoni, mshale wangu dirishani. Jioni jikoni hakulitaja tena jina langu, na neno ushonaji sikulisikia tena kupitia ukuta ule.

Narudi ukumbini. Makofi yalipoisha nilisimama, nikamwomba Elibariki kipaza sauti, naye akanipa akidhani natoa shukrani. Nikasimulia kama nilivyosimulia hapa, kwa kifupi: bomba, ushonaji, waya ukutani. Nikasema Mwalimu alinifundisha kuchapa na namshukuru kwa hilo, lakini mshale nilijikuzia, na aliyekuwa upande wangu ni Zubeda yule pale, na marehemu Mama Eliza, aliyenisahihisha kwenye kipande cha katoni. Zubeda, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na bado amevaa soksi, akapiga ukelele ule ule. Wengine walitazama meza. Mama mmoja karibu yangu akaninong'oneza kwamba siku kama ya leo si vizuri kumwaibisha mzee. Nikamwambia kwa heshima kwamba siku kama ya leo si vizuri kunisingizia mimi pia, nikarudi kukaa na kula pilau yangu, ambayo sasa ilipita.

Elibariki, ili kuokoa shughuli, akasema tuangalie picha za zamani. Alikuwa na kompyuta yake iliyounganishwa na mashine ya kurushia picha ukutani. Akaanza kuhangaika. Mshale haukuonekana kwenye ukuta ule, na mikono yake ilisukuma huku na huko. "Uko wapi sasa?" akasema, na ukumbi mzima ukaanza kumwelekeza: juu, chini, kulia, hapo hapo, mbele ya pua yako! Nilimwacha ahangaike kidogo, siwezi kudanganya. Kisha nikainuka, nikasogea, nikaweka vidole. Siku hizi safari ni fupi zaidi na mlango umehama, lakini kazi yangu ndiyo hii. Mshale ukakua, ukakua tena, mpaka ukasimama ukutani mkubwa kama mlango wa jiko la Mama Eliza, na watoto wakashangilia. Elibariki akacheka, akainama karibu na sikio langu. "Asante dada Siku. Picha zikiisha utanirudishia ulivyokuwa, eti? Hii ni kompyuta ya ofisi."

"Siurudishi," nikamwambia, na kipaza sauti kando ya kompyuta kilikuwa bado kimewashwa.

Kwa mara ya kwanza jioni ile Mwalimu Kibwana aliinua uso kutoka kwenye sahani. Aliutazama mshale ukutani kwa muda, amekunja macho, kisha akamtazama Elibariki, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye swichi.

"Usijisumbue kuzima, Elibariki," akasema. "Mimi nilizima. Ulirudi."